Akili mnemba na deki za Commander: yanayoaminiwa na yalivyo

Wachezaji wengi wa mchezo wa kadi wa Magic: The Gathering sasa huiomba akili mnemba iwapangie deki (fungu la kadi za kuchezea), hasa za Commander, aina ya mchezo ambamo deki huongozwa na kadi moja iitwayo kamanda, maana kumtafutia kamanda mmoja kadi 99 za kumsindikiza ni kazi ya jioni nzima. Msaada upo, ila imani nyingine humkwamisha mtu mezani.

Dhana: Kadi ikitajwa, ipo na inaruhusiwa.
Programu hizi hutabiri maneno. Hazisomi hazina ya kadi mpaka ziunganishwe nayo. Ndiyo maana huzua jina lisilowahi kuchapwa, au huipa kadi halisi gharama isiyo yake. Bandika orodha kwenye Moxfield au Archidekt, tovuti za kupangia deki, majina ya uongo yatajifichua hapo hapo. Angalia pia marufuku: Mana Crypt, Jeweled Lotus na Dockside Extortionist zilipigwa marufuku Commander Septemba 2024, lakini makala za zamani zinazozisifu bado zimo ndani ya mafunzo ya programu.

Dhana: Rangi inazijua.
Hapa ndipo inapoteleza vibaya. Utambulisho wa rangi, yaani rangi za kadi ambazo lazima ziwe ndani ya rangi za kamanda, hauishii kwenye gharama ya kadi. Alama za mana (nguvu ya kulipia kadi) zilizo kwenye maelezo nazo huhesabiwa. Noble Hierarch hulipiwa mana 1 ya kijani, lakini maelezo yake yana alama za kijani, nyeupe na bluu, kwa hiyo haiingii deki ya kijani tupu. Blind Obedience ni kinyume: alama yake ya nyeupe na nyeusi imo ndani ya mabano ya ufafanuzi, haihesabiwi, na deki nyeupe tupu inaiweka bila shida. Usibishane na programu. Andika `id<=g f:commander` kwenye Scryfall, tovuti ya kutafutia kadi, upate kadi zote halali za deki ya kijani, kisha ipe programu maandishi ya kadi unazozitaka ichague humo.

Dhana: Hesabu haiwezi kuikosea.
Ukiomba kadi 100 kwa mkupuo, usishangae kupata 96, au kadi ileile mara mbili. Omba kwa mafungu: kadi za ardhi (zinazotoa mana) 37, za kuongeza mana 10, za kuvuta kadi 10, za kuondoa vitisho 10, na 32 za mpango wenyewe. Hizo ni 99, na kamanda ni ya 100.

Fungu la kuongeza mana ndilo programu hupenda kulipunguza ili ijaze kadi za kuvutia. Ukiwa nazo 10, uwezekano wa kuona angalau moja kwenye kadi 7 za mwanzo ni kama asilimia 54. Zikibaki 5, unashuka hadi 31. Usiiulize programu ikokotoe kichwani. Weka kwenye Excel `=1-HYPGEOM.DIST(0,7,10,99,FALSE)`, ukibadilisha 10 kwa idadi yako.

Dhana: Itakuambia kama deki ina nguvu.
Haijaicheza. Chota kadi 7 mara kumi, cheza zamu nne peke yako kila mara, uandike ni zamu ipi ulikosa la kufanya na kwa nini. Irudishie programu maelezo hayo, uiombe ibadilishe kadi 5 tu, na kila inayoingia itajiwe inayotoka.