Mayu, huo sio uvivu: tunayoambiwa wanawake wa arobaini na kitu, na ukweli wake

Naandika hii nimekaa juu ya ndoo niliyoipindua hapa Igombe, Mwanza, alfajiri, nasubiri mitumbwi ya dagaa. Nina miaka 47. Mwaka jana nilimaliza miezi kama mitano naamka nimechoka kuliko nilivolala, mteja akiuliza bei natamani nimpige na beseni, na kila niliyemweleza alikuwa na jibu lake. Nimeyapima hayo majibu moja moja kwa kuuliza wanaojua, na mengi bhana ni uongo mtupu.

"Lala jumapili moja tu utakuwa sawa."

Uchovu wa kawaida kweli ukilala unaisha. Huu mwingine, wa kazi kukumaliza kabisa, Kiingereza wanauita burnout, hauishi, kwa sababu jumatatu ukiamka mzigo ni ule ule unakusubiri mlangoni. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliueleza kwenye toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, likasema sio ugonjwa, ni hali inayoletwa na msongo wa kazi wa muda mrefu ambao haujashughulikiwa, na inajulikana kwa mambo matatu: nguvu zimekwisha, kazi umeichukia au unaifanya kama vile haikuhusu, halafu unajiona hakuna unachokiweza tena. Mi nilikuwa nayo yote matatu. Kinachonikera ni kwamba wao hapo wanahesabu ajira na biashara tu, sa kumgeuza mama mkwe mwenye kiharusi mara tatu kila usiku tukuite nini, starehe?

"Hayo mambo ya wazungu na watu wa maofisini."

Mmoja wa watu wa mwanzo kuiandikia hali hii ni mwanasaikolojia Herbert Freudenberger, mwaka 1974, na hakuandika kuhusu mabosi, aliwaona watu wa kujitolea kwenye kliniki ya bure New York, na yeye mwenyewe ilimpata. Njoo sasa huku ziwani. Dagaa wanavuliwa kwa taa wakati wa giza, mbalamwezi ikiwa kubwa mitumbwi inapaki, siku kadhaa hamna mzigo hamna hela, lakini rejesho la mkopo halijui mbalamwezi, wiki ikifika afisa yuko mlangoni na daftari lake, ndo maana mikopo hiyo mtaani tunaiita kausha damu na sijui nani aliibatiza ila alijua anachosema. Halafu umepata mzigo, umeanika vizuri, saa nane mchana mvua inashuka, dagaa wanabadilika wanaenda kuuzwa chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Mtu anayeishi hivo miaka kumi, ana mtoto wa chuo, ana mjukuu, ana mgonjwa ndani, unamwambia uchovu ni wa maofisini?

"Ni umri tu huo, vumilia." Na dada yake: "umerogwa."

Hapa kuna ukweli nusu ndo maana panachanganya. Wanawake wengi hedhi inakoma kati ya miaka 45 na 55, ila mwili unaanza kubadilika miaka kadhaa kabla, homoni zinapanda na kushuka bila mpangilio, hedhi inaruka mwezi, joto linakupanda kifuani mpaka usoni umekaa tu, usiku unaamka umelowa jasho, usingizi ukikatika siku nyingi hata kumbukumbu na hasira vinaharibika. Na kipindi hiki ndo hatari ya kupata sonona, ile huzuni nzito isiyokuachia, inaongezeka. Kwaiyo sio jini. Lakini pia usitupie kila kitu kwenye umri! Upungufu wa damu unachosha, tezi ya shingo ikizembea inachosha, kisukari kinachosha, na vyote vinapimwa. Mi zahanati moja (jina silitaji) walinipa dawa ya malaria mara mbili bila hata kunitoboa kidole, kuja kupima kwingine, damu ilikuwa chini kwa sababu hedhi ilikuwa inatoka nyingi kupita kiasi na mi najua ndo kawaida ya uzee. Sio kawaida. Na ukikaa mwaka mzima bila hedhi halafu damu ikatoka tena, hata kidogo, nenda hospitali usisubiri. Na kabla huo mwaka haujatimia mimba bado inaweza kuingia, hilo nalisema kwa wale wenye uhakika sana.

"Kunywa energy." Kafeini inakuamsha leo, usiku inakunyima usingizi, kesho unahitaji mbili. Basi.

"Ukienda kwa daktari wa akili ndo umeshakuwa kichaa."

Mtu akisema anaenda kuonana na wa afya ya akili, watu wanacheka wanataja Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili Dodoma. Lakini hospitali ya Bugando hapo juu kilimani wana idara hiyo, na unaweza kuanzia kituo cha afya cha karibu ukapewa rufaa. Sonona inatibika, kwa mazungumzo, kwa dawa, au vyote, na dawa zake sio za kukulevya, ila zinachukua wiki kadhaa kuanza kufanya kazi ndo maana wengi wanaziacha siku ya tano wakisema hazifai. Vinavyozoesha mwili ni vile vidonge vya usingizi tunavyonunua dukani bila cheti, ambavyo hatuvionei aibu hata kidogo, ajabu eh. Na kama umefika mahali unawaza bora ufe, hiyo ni dharura kama kutokwa damu, mwambie mtu leo leo akusindikize hospitali.

"Mwanamke wa Kisukuma hachoki."

Hii ndo ilinimaliza mimi, maana ni sifa, na sifa huwezi kuikatalia mbele za watu. Ukisifiwa hivo anayefuata anakuongezea mzigo mwingine.

Mi dawa za kuongeza damu zimenisaidia, ila kilichobadilisha maisha ni kwamba tuko wanne tumegawana alfajiri, mmoja anapokea mzigo wa wote, watatu wanalala mpaka saa moja. Mwanzoni nilikuwa naamka hata siku isiyo yangu, naona kama naibiwa. Leo zamu yangu, taa za mtumbwi wa kwanza hizo nimeziona, kesho naomba msinipigie simu.