Alberta ina ziada? Angalia kwanza bei ya pipa la mafuta

Kazi yangu ni kuchambua bajeti za majimbo hapa Kanada, na kila Alberta ikitangaza ziada napata meseji za ndugu zetu wa Calgary na Edmonton: kumbe deni limeisha, sasa shule zitajengwa! Ngojeni kwanza jamani. Ziada maana yake mwaka huo mapato yamezidi matumizi, basi, na nakisi ni kinyume chake. Deni ni habari nyingine kabisa, jimbo linaweza kuwa na ziada na bado linadaiwa mabilioni.

Sasa cheki hii. Mwaka wa fedha 2020/21, korona imefunga dunia, mafuta hayana wanunuzi, Alberta ikapata nakisi ya karibu dola bilioni 17. Miaka miwili baadae, 2022/23, ziada ya bilioni 11.6! Watu wakasifia uongozi, ila ukifungua hesabu unakuta mapato ya mafuta na gesi yametoka kama bilioni 3 yakafika bilioni 25, maana bei ilipanda dunia nzima. Alberta haina kodi yake ya mauzo, dukani unalipa ile asilimia 5 ya serikali kuu tu, kwahiyo pengo linazibwa na mrabaha wa mafuta, yaani hela ambayo kampuni zinalilipa jimbo kwa kuchimba mafuta yake. Bajeti ya 2025 yenyewe ilikadiria kila dola moja ikishuka kwenye pipa jimbo linapoteza kama milioni 750 kwa mwaka.

Kinachoniuma ni kibubu. Mwaka 1976 serikali ya Peter Lougheed, waziri mkuu wa jimbo wakati huo, ilianzisha mfuko wa akiba, asilimia 30 ya mapato ya mafuta inaingia humo, miaka ya themanini wakapunguza nusu na 1987 wakaacha kabisa. Halafu 2006 ziada ilivyokuwa nono kila mkazi akapewa dola 400, kama bilioni 1.4 zikaondoka hivyo hivyo, na wakati huo hospitali na barabara zinasubiri.

Bei ikianguka jimbo haliwezi kuchapa hela, linakopa kwa riba au linabana ajira za manesi na walimu, na wengi wetu tunafanya kazi hukohuko hospitalini.

Ndio maana bajeti ikitoka mimi naondoa kwanza hela ya mafuta kwenye mapato, halafu naona kinachobaki. Ile ziada ya bilioni 11.6, ukiifanyia hivyo, inageuka nakisi ya zaidi ya bilioni 13.