Matandazo ya Kina Si Ruhusa ya Kuacha Banda Linuke

Kila masika, ofisi za mifugo na afya kwenye halmashauri za mijini hupokea malalamiko ya aina moja: jirani hawezi kukaa uani, nzi wamejaa jikoni, banda la kuku la nyumba ya pili linanuka. Wakaguzi wakifika, mfugaji huwa na jibu lake tayari: "Afisa, haya ni matandazo ya kina. Tumefundishwa hayafagiliwi." Jibu hilo limezoeleka mno, ndiyo maana tunaandika.

Matandazo ya kina, yaani tabaka nene la maranda au pumba sakafuni mwa banda, ni kweli hayafagiliwi kila wiki. Si kweli kwamba hayaguswi.

Njia hii ilipata umaarufu Marekani miaka ya 1940, hasa kutokana na majaribio ya kituo cha utafiti wa kilimo cha Ohio, na inafaa sana mazingira yetu kwa sababu malighafi ipo na kazi ya kila siku hupungua. Unaanza na maranda au pumba za mpunga zenye kina cha sentimita 10 hivi kwenye sakafu kavu, kisha unaongeza kidogo kidogo mpaka zifike 20 au 30. Kinyesi kinachanganyika na maranda, vijidudu vinakioza taratibu, kuku wanachakura na kuingiza hewa. Kundi likitoka, ndipo banda linafagiliwa lote.

Vijidudu hivyo vinataka unyevu kiasi, kama robo ya uzito wa matandazo. Hapo ndipo wengi wanapokosea, maana maji banda linayopokea ni mengi kuliko watu wanavyodhani. Kuku 100 wa mayai hunywa lita 20 hadi 25 kwa siku, na siku za joto la Pwani huzidi hapo. Kinyesi chao kinafika kilo 10 na zaidi kwa siku, na takriban robo tatu yake ni maji. Maji hayo yote lazima yatoke kama mvuke. Yakikosa njia, vijidudu vinageuza kinyesi kuwa amonia, gesi kali yenye harufu ya kuwasha, kwa kasi. Amonia ikizidi sehemu 25 katika milioni ya hewa huunguza macho ya kuku na njia zao za hewa, na kuku wa namna hiyo hushikwa na mafua kirahisi. Ukiinama usawa wa kuku na macho yakakuwasha, usisubiri mkaguzi.

Kipimo chake hakihitaji mashine. Chukua matandazo kiganjani, kutoka katikati ya banda na si karibu na kinyweo, uyakamue kwa nguvu. Ukifungua mkono yakabaki donge linaloshikana, yamelowa. Yakitawanyika na kutoa vumbi, yamekauka mno, na vumbi nalo lina madhara yake kwenye mapafu, ya kuku na yako. Yakishikana kidogo halafu yakapasuka ukiyagusa, uko sawa. Fanya hivyo kila wiki, na mvua zikiwa nyingi fanya mara mbili.

Yakiwa yamelowa, toa donge lote la chini ya vinyweo ulitupe nje ya banda, usilifukie ndani. Geuza yaliyobaki kwa reki au uma wa shambani mpaka chini, ongeza maranda makavu. Kisha tafuta chanzo. Mara nyingi ni kinyweo kilichowekwa sakafuni. Kinatakiwa kiwe usawa wa mgongo wa kuku, juu ya fremu ya wavu ili yanayomwagika yasiguse maranda. Au ni paa fupi linaloruhusu mvua ya upepo kuingia. Au ni idadi: kwenye matandazo, kuku wa mayai ni wanne hadi watano kwa mita moja ya mraba. Banda la mita 4 kwa 5 ni la kuku 80 hadi 100. Mfugaji anayeweka 250 humo hana matandazo ya kina, ana tope.

Tuseme na hili la kumwaga chokaa ili kuua harufu, maana linatuchosha. Chokaa na majivu haviondoi harufu ya matandazo yaliyolowa. Vyote viwili hupandisha hali ya kialkali, na amonia iliyokuwa imetulia inaruka hewani mara moja. Ndiyo maana mtu akimwaga mfuko wa chokaa asubuhi kuku wakiwa ndani, jioni anapiga simu kwamba kuku wanalia machozi. Majivu machache kwenye kona ya kuogea vumbi hayana shida. Chokaa ina nafasi yake banda likiwa tupu na limefagiliwa.

Maranda nayo yachaguliwe. Yawe makubwa kidogo na makavu. Unga wa mbao huliwa na vifaranga ukawaziba. Ukichukua kwa seremala, iwe ni karakana za Keko, Dar es Salaam, au ya mtaani kwako, uliza kama wamepiga randa mbao zilizotiwa dawa. Mbao za paa nyingi zimetiwa dawa zenye shaba na nyinginezo, na mara nyingi utaona ukijani kwenye maranda yenyewe. Hayo yasiingie bandani, na wala yasiishie kwenye bustani ya mchicha. Gharama ya gunia chache safi ni ndogo kuliko kupoteza kundi.

Wafugaji wengine husema matandazo ya kina yanakinga kuku kila ugonjwa. Hapana. Kuku wakubwa waliozoea vimelea vya kuharisha damu kidogo kidogo hujenga kinga, hilo ni kweli. Vifaranga hawajaijenga, na mayai ya vimelea hivyo hukomaa ndani ya siku moja au mbili yakipata joto na unyevu. Kifaranga wa wiki tatu hadi sita aliyelala juu ya matandazo yaliyolowa yuko kwenye hatari kubwa ya kuhara damu, hata ukimpa dawa, mradi sakafu haijakauka. Chanjo ya mdondo (kideri) iendelee kwa ratiba, na kwa ile ya I-2 ni tone moja jichoni kila baada ya miezi 3. Kundi likipata gumboro, matandazo yote yatoke, kwa sababu virusi vyake hudumu bandani kwa miezi. Vifo vya ghafla vya kuku wengi lazima viripotiwe kwa afisa mifugo. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya Tanzania ya mwaka 2003 inamtaka mwenye mifugo atoe taarifa akishuku ugonjwa ulio kwenye orodha ya magonjwa ya kuripotiwa. Kuuza wagonjwa haraka haraka sokoni ni kosa.

Sasa utaratibu wa malalamiko, kwa kuwa maswali ni mengi. Kwa kawaida lalamiko huanzia ofisi ya serikali ya mtaa, ambako mtendaji hulisajili na kulipeleka kwa maafisa wa afya na mifugo wa kata. Wakaguzi hufika, hujitambulisha kwa kitambulisho, hujaza fomu ya ukaguzi, na mfugaji husaini na kubaki na nakala. Ikionekana kero, hutolewa notisi ya maandishi inayotaja kasoro na muda wa kurekebisha. Ukaguzi wa pili hufuata. Asiyerekebisha anaweza kukiri kosa kwa maandishi na kulififilisha, yaani kulimaliza bila kesi, kwa kulipa faini iliyowekwa na sheria ndogo za halmashauri, ambayo hutofautiana, au akafikishwa mahakamani. Notisi si faini na si amri ya kubomoa banda. Anayekataa kuisaini hajaifuta.

Matandazo yakitolewa, usiyamwage mtaroni wala uwanjani kwa jirani. Yalundike mahali penye kivuli, yafunikwe kwa turubai, yageuzwe mara kadhaa mpaka yaache kupata moto, ndipo yaingie shambani. Mabichi huunguza mimea. Mkulima wa mboga atakununulia kwa viroba.

Ushauri wa afisa mifugo wa kata hauna malipo. Kama kuna huduma ya kulipia, kama vile uchunguzi wa maabara au faini yenyewe, malipo hufanyika kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali (control number) na unapewa risiti. Mtu akikudai fedha taslimu mlangoni bila namba hiyo, mwombe kitambulisho na utoe taarifa ofisi ya mtendaji siku hiyo hiyo.