Pembe ya kunolea kisu ni nini, na kile kifaa chenye fimbo kinakusaidia wapi hasa

Watu wengi siku hizi wananunua vile vifaa vya kunolea visu vyenye kibanio na fimbo, alafu mtu anasugua weee mpaka mkono unauma na kisu bado hakipati, anasema kauziwa feki. Mara nyingi kifaa ni kizima. Kinachokosekana ni kuelewa pembe ya makali ni kitu gani, na ukishaielewa hata jiwe la kawaida la dukani litakufaa.

Shika kisu ncha ikuelekee wewe, mahali penye mwanga. Bapa mbili zinashuka kutoka mgongoni zinazidi kuwa nyembamba, alafu karibu na mwisho kabisa kuna kimstari kinachong'aa, upana wake hata milimita moja mara nyingi haufiki, kipo kila upande. Hivyo vimstari viwili vikikutana ndo makali yenyewe. Pembe ya kunolea ni mwinamo wa kimoja kati ya hivyo ukipima kuanzia katikati ya kisu, kwahiyo mtu akikwambia ananoa kwa digrii 20 ujue ni 20 huku na 20 kule, jumla yake 40. Wengi wanajichanganya hapo, anasoma 20 yeye anaigawa mara mbili anabaki na 10 kila upande, makali yanatoka membamba mno, yakigusa mfupa wa samaki mara moja tu yamelala.

Pembe ikiwa ndogo kisu kinapenya vizuri ila makali hayana nguvu, ikiwa kubwa yanadumu lakini unakata kwa kusukuma. Visu vya jikoni vya Kijapani vingi vinanolewa karibu na 15, vya Kijerumani karibu na 20, panga la kazi ngumu 25 hadi 30. Visu vingi tunavyonunua kwa bei ya kawaida hapa Tanga, Ngamiani huko na Makorora, chuma chake ni laini, mimi ningekuambia kaa kwenye 20 na usihangaike na 15, chuma laini hakiwezi kubeba makali membamba hivyo.

Sasa ugumu uko wapi? Ugumu ni kuirudia pembe ileile kila unapopitisha jiwe. Nenda pale Deep Sea wanakoshusha samaki, mwangalie yule kijana anayeparua changu na kukata nguru vipande, akisimama kunoa utaona kiwiko kimebana ubavuni, kifundo cha mkono hakichezi hata kidogo, mwili mzima ndo unakwenda mbele na kurudi. Ule mkono umefunzwa na kazi ya kila siku. Mimi na wewe tunanoa mara moja kwa mwezi, mkono unapanda unashuka, unapiga 18 unapiga 26, na kila ukipanda unaua makali uliyoyatengeneza muda si mrefu.

Kifaa cha mwongozo kinaondoa tatizo hilo moja tu. Kibanio kinashika kisu kwa mgongoni kisitikisike, jiwe dogo limefungwa kwenye fimbo, na fimbo inapita kwenye tundu lililo juu kidogo ya usawa wa kisu. Tundu halisogei, kisu hakisogei, kwahiyo mwinamo nao hausogei. Lansky kwa mfano, chapa moja ya vifaa hivi, ile ya kawaida ina matundu manne, 17, 20, 25 na 30, unachagua tu. Na hesabu yake siyo siri, kutoka tundu mpaka kwenye makali pakiwa na sentimita 15 ukipima sambamba na kisu, siyo kwa kufuata fimbo iliyoinama, tundu likiwa juu ya usawa wa kisu kwa sentimita 4 unapata karibu digrii 15, ikiwa 5.5 unapata 20, ikiwa 7 unapata 25. Fundi seremala mzuri anaweza kukutengenezea cha mbao ukampa vipimo hivyo. Ila mawe yote yawe na unene mmoja, kwa umbali huo jiwe likizidi mwenzake kwa milimita 3 pembe inapungua kama digrii moja, na hapo jiwe laini halitagusa palepale lilipogusa jiwe la kukwaruza. Kwenye sehemu ya kisu iliyonyooka pembe haibadiliki, inabadilika pale kisu kinapopinda kwenda nchani, kwahiyo angalia unapobana, na ukishapata mahali pazuri weka alama ili siku nyingine ubane palepale.

Kabla ya kusugua chukua maka peni upake vile vimstari vyote. Pitisha jiwe mara mbili tatu taratibu uangalie. Wino ukitoka juu tu na ukabaki kwenye makali, pembe yako ni ndogo, ukitoka ukingoni tu na juu umebaki, pembe ni kubwa, ukitoka wote hapo umepatia.

Sasa hili ndo naomba ulishike, maana kifaa hakiwezi kukufanyia. Ukisaga upande mmoja mpaka ukafika kwenye makali kweli, chuma chembamba cha ukingoni kinajikunja kwenda upande wa pili. Huo mkunjo ni mdogo sana, kwa macho huwezi kuuona vizuri, lakini weka kidole gumba kwenye bapa ya upande ule usiosagwa, ukivute kutoka mgongoni kwenda nje (usikipitishe kwa urefu wa makali, utajikata), utasikia kitu kinakwaruza kidogo. Usikie kuanzia kwenye mpini mpaka nchani, kila mahali. Kama katikati pako laini basi pale hujafika, endelea na jiwe lilelile, usibadilishe. Watu wanahesabu, wameambiwa sugua mara 20 wanasugua 20 wanageuza, kumbe makali hayajaguswa bado, na hiyo ndo sababu kubwa ya kisu kutopata. Mkunjo ukitimia geuza, fanya upande wa pili hivyohivyo, ndipo uende jiwe laini zaidi, namba zake zinasomwa kama za msasa, 120 inakula sana, 280, alafu 600. Kila ukipanda namba punguza nguvu ya mkono. Mwisho pitisha mara moja huku mara moja kule, uzito wa jiwe peke yake unatosha, alafu malizia kwenye mkanda wa ngozi ukivuta kwa kurudi nyuma, makali yafuate. Mkunjo usipoondoka kisu kitakata karatasi leo, kesho kwenye nyanya kinateleza.

Uzuri mwingine wa kunoa hivi ni kwamba hakuna joto. Mashine ya umeme ikikaa sehemu moja kisu kinageuka rangi ya bluu, hiyo ina maana ukingo umefika karibu nyuzi 300, na pale chuma kimeshalainika, utanoa leo utanoa kesho hakitakaa.

Panga refu na kisu cha mkate chenye meno usivibane humo. Panga linahitaji tupa na mkono, na mbuzi ya nazi nayo inanolewa kwa tupa ndogo, jino kwa jino.