Wenye Uwanja Kimya, Wageni Wanaimba: Dhana Potofu Kuhusu Mashabiki wa Uingereza

Jumapili jioni, banda umiza la mtaani kwetu. Mabenchi yamejaa, waliochelewa wameegemea nguzo, na muuza kahawa anapenya katikati na birika lake. Kwenye skrini mechi ni ya Old Trafford, uwanja wa Manchester United, watu zaidi ya 70,000 wameingia, lakini wimbo unaosikika ni wa wageni. Mzee mmoja asiyekosa benchi la mbele akanigeukia: "Mwanangu, hivi hawa wenye uwanja wamefiwa?"

Majibu yakamiminika kutoka kila pembe. Ni viti. Ni watalii. Ni matajiri. Wazungu wa siku hizi hawajui mpira. Majibu haya nimeyasikia miaka mingi, na karibu kila moja lina punje ya ukweli. Yakiachwa hivyo hivyo, lakini, yanaficha jambo ambalo kwangu mimi ndilo lenyewe. Sauti ya uwanjani ni kazi ya kundi la watu wanaojuana, waliobanana bega kwa bega. Uingereza kundi hilo lilitawanywa na maamuzi ya watu. Halikuchoka kuipenda timu yake.

"Viti ndivyo vilivyoua shangwe"

Hili ndilo jibu linalotolewa zaidi, na lina historia nzito, kwa hiyo tulipe nafasi yake.

Tarehe 15 Aprili 1989, Liverpool ilikutana na Nottingham Forest katika nusu fainali ya Kombe la FA, uwanja wa Hillsborough mjini Sheffield. Mashabiki wa Liverpool walibanwa ndani ya vizimba vya uzio wa chuma kwenye jukwaa la kusimama. Waliopoteza maisha ni 97. Hapa ipo dhana nyingine potofu, kongwe na katili, kwamba mashabiki walijiua wenyewe kwa ulevi na fujo. Si kweli. Ripoti ya awali ya Jaji Taylor, aliyepewa kazi ya kuchunguza maafa hayo, ya Agosti 1989 ilitaja kushindwa kwa polisi kudhibiti umati kuwa sababu kuu. Mwaka 2016 jopo la raia waliosikiliza ushahidi mahakamani liliamua kwamba watu wale waliuawa kinyume cha sheria, na kwamba mashabiki hawakuwa na hatia. Familia zilipigania maneno hayo kwa miaka 27.

Ripoti ya mwisho ya Taylor ilitoka Januari 1990 ikapendekeza viwanja vikubwa viwe vya viti pekee. Klabu za madaraja mawili ya juu zikapewa hadi Agosti 1994. Pale Anfield, uwanja wa Liverpool, jukwaa la Kop lilisimamiwa kwa mara ya mwisho tarehe 30 Aprili 1994, mechi dhidi ya Norwich. Jukwaa lililowahi kubeba watu wapatao 28,000 likabaki na viti 12,000 na ushei.

Basi viti vina kesi ya kujibu? Nenda Uwanja wa Benjamin Mkapa siku ya Simba na Yanga uone. Uwanja ule tangu ufunguliwe mwaka 2007 ni wa viti mwanzo mwisho, viti 60,000. Huko mzunguko, kwenye viti vya bei rahisi, nani anakaa? Kiti kimegeuka ngazi ya kupandia. Ngoma zinapigwa saa tatu kabla ya mpira kuanza, wimbo ukizimika upande huu unawashwa upande ule. Plastiki peke yake haijawahi kumziba mtu mdomo.

Kilichoumiza ni vitu viwili vilivyokuja pamoja na kiti: namba na bei.

Chukua namba kwanza. Zamani kijana wa miaka 15 alikuwa analipa getini siku ileile, anaingia na wenzake watano, wanajisogeza walipo kaka zao wa mtaani. Nyimbo hazikufundishwa na mtu; alizidaka kwa kusimama karibu na wanaozijua. Kiti chenye namba kilikata mnyororo huo. Marafiki watano wakinunua tiketi leo, kompyuta inaweza kuwapa sehemu tano tofauti. Jirani yako ni yule uliyepangiwa. Na mwenye tiketi ya msimu huwa anaihuisha mwaka hadi mwaka, kwa hiyo kijana aliyepata kiti chake mwaka 1994 leo ana mvi na magoti yanamuuma, lakini kiti ni kilekile. Anaipenda timu kuliko roho yake. Kuruka dakika tisini hawezi tena, na kijana ambaye angeruka kwa niaba yake yuko nje ya geti.

Yuko nje kwa sababu ya bei. Nasikitika kila mara Jaji Taylor anapolaumiwa kwa jambo hili, maana yeye mwenyewe alionya. Aliandika kwamba bei za viti zipangwe ziendane na mifuko ya watu waliokuwa wakilipa kusimama, akatoa mfano wa Ibrox ya Rangers kule Scotland, ambako kiti kilikuwa pauni 6 na kusimama pauni 4. Klabu zikachukua viti vya Taylor, ushauri wake wa bei zikauacha kwenye karatasi.

"Ni watalii, yaani sisi"

Dhana hii inanigusa, kwa sababu anayelaumiwa ni yule jamaa wa Mombasa au Mwanza aliyedunduliza miaka kadhaa, akaomba viza, akafika London na skafu mpya shingoni.

Nyuma ya dhana hii mara nyingi hutajwa maneno ya Roy Keane. Novemba 2000, baada ya mechi na Dynamo Kyiv, nahodha huyo wa Manchester United alilalamika kwamba baadhi ya waliokuja Old Trafford wanakunywa vinywaji vyao, wanakula sandwichi zao za kamba, na hawaelewi kinachoendelea uwanjani. Hao aliokuwa akiwasema ni watu wa starehe, waliokuja kula na kunywa huku mpira ukiwa pambo la meza. Shabiki aliyetoka mbali hakumtaja.

Angalia pia Arsenal. Kuna wanaodhani kimya kilianza walipohamia Emirates mwaka 2006, wageni wakaanza kufurika. Lakini uwanja wa zamani wa Highbury, wenye watu 38,000 tu, ulikuwa tayari unataniwa kwa jina la Maktaba. Jina la kimya lilitangulia uwanja mpya.

Mgeni wa siku moja kweli haimbi sana. Anajua nyimbo mbili, ameketi peke yake kati ya watu asiowajua, anaogopa kuanzisha. Mpeleke mtu huyohuyo katikati ya vijana mia tano wanaoimba uone kama hatapoteza sauti kabla ya mapumziko. Tatizo lake ni mahali alipouziwa kiti.

"Wageni wanaimba kwa sababu wanazipenda klabu zao zaidi"

Hii ndiyo dhana inayotudanganya zaidi tukiwa mbele ya televisheni. Katika Ligi Kuu ya England timu mgeni hupewa tiketi 3,000, au asilimia 10 ya uwanja kama ni ndogo zaidi. Wanaozipata aghalabu ni wale wasiokosa safari. Tangu msimu wa 2016/17 tiketi yao haivuki pauni 30. Wote wanawekwa kona moja, na wengi wao husimama mechi nzima hata kama nyuma yao kuna viti.

Ukiyatazama masharti hayo, ni yaleyale ya jukwaa la zamani: bei nafuu, watu wanaojuana, wamesimama pamoja. Shabiki wa Manchester United anayeimba hadi koo linakauka kule Newcastle ndiye yuleyule anayeonekana kalala Old Trafford wiki inayofuata. Ugenini yumo ndani ya kundi. Nyumbani kwao yuko kati ya watu wawili asiowajua, mmoja anatazama simu.

Kuna na uzito wa matarajio. Mgeni hana cha kupoteza, sare kwake ni sherehe. Mwenyeji wa timu kubwa amekuja kuona ushindi, na dakika zikisogea bila bao hofu inapanda, watu wananyamaza kama wanaosubiri majibu ya mtihani. Novemba 2014, Chelsea ikiwa inaongoza ligi, José Mourinho alilalamika baada ya mechi na QPR kwamba Stamford Bridge ilikuwa kama haina watu, na kwamba alijua wapo pale tu bao lilipoingia.

"Uwanja mpya mkubwa lazima upoe"

Hapa kuna fizikia kidogo, na naipenda. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Kutoka jukwaa la nyuma ya goli moja hadi la goli lingine ni kama mita 150, kwa hiyo wimbo unaoanza huku unafika kule ukiwa umechelewa karibu nusu sekunde. Aliyewahi kuimba kwaya au kupiga ngoma anajua nusu sekunde ni nini: wakiitikia kwa kusikia, tayari wameachana na mdundo. Ndiyo maana watu 60,000 waliotapakaa hawawezi kuimba kitu kimoja bila kukianzisha sehemu moja yenye watu wengi waliobanana, wengine wakadandia. Na ukiongeza waimbaji mara mbili, sauti inapanda desibeli 3 tu (desibeli ni kipimo cha ukali wa sauti). Idadi kubwa haisaidii sana ikiwa watu hawako pamoja.

Tottenham walilielewa hilo. Uwanja wao uliofunguliwa Aprili 2019 una jukwaa moja refu upande wa kusini lenye watu 17,500, lisilokatwa na vyumba vya matajiri katikati, na paa linalorudisha sauti chini. Mfano walioutazama ni Dortmund ya Ujerumani, ambako jukwaa la kusini hubeba karibu watu 25,000 wakiwa wamesimama katika mechi za ligi. West Ham nao walihama Upton Park mwaka 2016, ambako mshabiki wa mbele alikuwa karibu kumgusa winga, wakaingia uwanja uliojengwa kwa Olimpiki ya 2012 wenye nafasi kubwa kati ya watu na nyasi. Upya wa uwanja hautoshi kueleza tofauti hiyo. Mchoro unaeleza.

"Zamani kila mechi ilikuwa moto"

Hapana. Msimu wa 1985/86 wastani wa watazamaji katika daraja la juu la England ulikuwa chini ya 20,000. Majukwaa mengi yalikuwa nusu tupu. Tunakumbuka usiku mkubwa na kusahau Jumamosi za mvua.

"Kelele ni mapambo tu, hazibadilishi matokeo"

Corona ilitupa jibu ambalo hakuna mtu angelipanga. Msimu wa 2020/21 ulichezwa karibu wote bila mashabiki, na Ligi Kuu ya England ikaisha na ushindi wa ugenini mara 153 dhidi ya ushindi wa nyumbani mara 144. Katika historia ya daraja la juu la nchi ile hilo halikuwa limewahi kutokea. Kelele tulizokuwa tukizisikia bandani wakati ule zilikuwa za kurekodiwa, zilizotoka kwenye gemu la kompyuta, na nakumbuka jinsi zilivyokuwa zikipanda sekunde moja baada ya shuti kupita.

Kabla ya hapo, mwaka 2002, watafiti wa Uingereza waliwaonyesha marefa 40 video ya matukio 47 ya mechi ya Liverpool na Leicester, wengine wakisikia umati, wengine bila sauti. Waliosikia umati waliwapigia wenyeji filimbi za faulo pungufu kwa asilimia 15.5. Refa ni binadamu, masikio yake yanafanya kazi.

"Kilichopotea hakirudi"

Kinarudi pale wenye uwanja wakikubali kuwaweka watu pamoja. Selhurst Park ya Crystal Palace ni uwanja mdogo na mkuukuu, watu kama 25,000, wa viti. Sehemu ya jukwaa moja imeshikwa tangu mwaka 2005 na kundi la vijana wenye ngoma na mabango, na timu kubwa zikienda pale zinajua zimekwenda. Januari 2022 England ilianza kujaribu tena kusimama kwenye viti vyenye reli ya chuma, mechi ya kwanza ikiwa Chelsea na Liverpool, na kuanzia msimu uliofuata ikaruhusiwa kwa klabu zinazotimiza masharti.

"Anayenyamaza hajali"

Mzee wa benchi la mbele aliniuliza kama wamefiwa, nami nikamsimulia Anfield ya tarehe 6 Februari 2016. Wamiliki walikuwa wametangaza kwamba tiketi ghali zaidi kwenye jukwaa jipya itakuwa pauni 77. Mechi ilikuwa na Sunderland, Liverpool inaongoza 2-0. Ilipofika dakika ya 77 watu wapatao 10,000 waliinuka, wakaimba dhidi ya tamaa ya wamiliki, wakatoka nje wakiacha viti vyekundu vitupu.

"Wakaiacha timu inaongoza?" mzee akauliza.

Wakaiacha, baba. Sunderland wakafunga la kwanza, kisha la pili, mechi ikaisha 2-2. Siku nne baadaye wamiliki wakaomba radhi, na tiketi ya juu ikabaki pauni 59.