Salamanda na kima: undugu ni swali moja, kutoweka ni swali lingine

Ukiambiwa ulinganishe salamanda na kima, tenganisha mambo mawili kwanza. Uainishaji unakwambia nani ndugu wa nani, basi. Hali ya uhifadhi inakwambia nani anaelekea kuisha, na hiyo IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, wanaipima kwa kila spishi, siyo kwa kundi zima, ndio maana tumbili anayedoea ndizi hotelini pwani hana shida yoyote kwenye Orodha Nyekundu, orodha yao ya viumbe walio hatarini kutoweka, wakati kipunji, kima wa Rungwe kusini mwa Tanzania, yuko hatarini.

Sasa mchukue huyo kipunji umweke na aksolotli, salamanda wa Mexico. Wote wana uti wa mgongo, na hapo wanaachana. Kipunji ni mamalia, oda (kundi kubwa ndani ya mamalia) ya primati, pamoja na nyani na binadamu. Aksolotli ni amfibia kama chura, ila oda yake ni ya wenye mikia. Kwenye picha utasema mjusi huyu, lakini hana magamba hata moja, ngozi yake tupu na laini, na mashavu ya kupumulia majini yanabaki yametokeza nje ya kichwa mpaka uzeeni, yaani anazaa akiwa bado na umbo la utotoni. Kwetu huku salamanda wa porini hakuna, Afrika wako kaskazini tu, Moroko, Algeria na Tunisia.

Kipunji naye aliwasumbua wataalamu. Wanyakyusa walikuwa wanamjua zamani na jina ni lao, sayansi ikamtangaza 2005 ikamweka jenasi (kundi la spishi za karibu) ya Lophocebus, kuja kupima DNA wakakuta yuko karibu zaidi na nyani, 2006 akapewa jenasi yake, Rungwecebus. Anaishi misitu ya Rungwe na Kitulo na kipande cha Udzungwa, dunia nzima hana kwingine, na watu wanakata miti humo.

Aksolotli hali yake mbaya zaidi, yuko hatarini kabisa. Porini amebaki mifereji ya Xochimilco, Mexico City, ambako 1998 walikadiria kama 6,000 kwa kilomita ya mraba na 2014 wakapata 36, maji machafu, halafu samaki aina ya perege na kapu (carp) walioletwa kufugwa wanakula mayai yake. Utashangaa maana maabara na matangi ya watu yamejaa aksolotli, ila hao hawahesabiwi, na wengi wa maabara wana damu ya salamanda wa spishi nyingine waliochanganywa nao miaka ya 1960, kwa hiyo huwezi tu kwenda kuwamwaga mferejini.