Faida ya PlayStation haiko ndani ya boksi

"Kaka, Sony wanatupiga. Hiki kiboksi hakiwagharimu hata nusu ya bei." Haya nayasikia dukani kila wiki, na kujibu mmoja mmoja nimechoka.

Tuanze na PS3, yaani PlayStation ya tatu ya Sony, iliyotoka Novemba 2006. Marekani ile ya GB 60 iliuzwa dola 599, watu wakalia kwamba ni wizi. iSuppli, kampuni ya utafiti, wakaifungua, wakahesabu vipuri na kazi ya kuunganisha, wakapata kama dola 840. Yaani kila mashine iliyouzwa iliondoka na zaidi ya dola 200 za Sony, na hapo hujagusa usafiri wala matangazo. Prosesa yake, Cell, na kisomeo cha diski za Blu-ray ndivyo vilivyomeza fedha. Mwaka ule wa fedha kitengo chao cha gemu kilipata hasara ya yen bilioni 232 hivi. Mwizi gani huyo anayeiba huku akipoteza?

Pesa iko kwenye gemu. Kila gemu ya kampuni nyingine inayouzwa kwenye duka lao la mtandaoni, Sony hukata kama asilimia 30. Ongeza ada ya PS Plus, usajili wao wa kucheza mtandaoni, na padi za kuchezea. Wanayemtaka ni anayenunua mashine moja na gemu kumi. Mwenye kibanda anayenunua CD moja ya mpira, tena ya mkononi, akachezesha mtaa mzima msimu baada ya msimu, hawafaidi kitu kwake. Kama kuna anayempiga mwenzake hapo, si Sony.

Angalia PS5 isiyo na CD: 2020 ilitoka kwa dola 399, yenye CD dola 499, na ndani tofauti yao ni kisomeo tu. Walipoanza kuuza kisomeo peke yake mwaka 2023, bei yake ilikuwa dola 80. Mimi naona ule unafuu ni chambo: ukishaichukua bila kisomeo, huna pa kununulia gemu ila kwao. Chukua yenye CD. Nimesema mpaka nimekauka koo. CD unaiuza, unaiazima, unabadilishana na jirani.

Wengine wakishasikia haya huruka upande wa pili: "Kumbe wote wanauza kwa hasara!" Hapana. Nintendo waliiuza Wii kwa dola 249 mwaka 2006 na walipata faida kwenye mashine tangu mwanzo. Sony wenyewe walisema Agosti 2021 kwamba PS5 ya dola 499 haiwatii hasara tena. Microsoft ndio hali yao tofauti: mwaka huohuo mkuu wao mmoja aliiambia mahakama kwamba hawajawahi kupata faida kwa kuuza Xbox.

"Anayeuza nyingi ndiye anayetajirika." Muulize fundi yeyote aliyeshika Xbox 360 za Microsoft zenye taa nyekundu, ishara kwamba mashine imeharibika. Ziliuzwa kwelikweli, lakini Julai 2007 Microsoft walitenga zaidi ya dola bilioni moja kwa ajili ya waranti.

Na "nangoja bei ishuke" ilikuwa kweli enzi za PS3, iliyofika dola 299 mwaka 2009. PS5 ilipandishwa bei Ulaya na Japani mwaka 2022, kisha Marekani ikaongezwa dola 50 Agosti 2025. Waliokuwa wakingoja bado wanangoja, na akiba yao haitoshi tena.